Bangi Ilitangulia, ama Mgongo?

Mshauri wangu mpendwa, nisikilize kwa huruma, kwa sababu daktari alinipa miezi miwili na mmoja nimeshautumia kutafuta namna ya kuanza barua hii.

Mimi ni mzee wa kanisa la Sabato karibu na Birongo, nina miaka sabini na moja, nilisoma hadi chuo wakati kijiji kizima kilikuwa na watu wawili tu waliofika huko, na kwa miaka ishirini na sita nilikuwa afisa wa maslahi ya wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Nyamira, yaani mtu akiumia kazini ni mimi niliyemjazia fomu za fidia, na nilizijaza kwa uangalifu mkubwa hata wakawa wachache sana waliolipwa. Nilipostaafu nilipewa saa ya ukutani iliyoandikwa “Kwa Uaminifu”. Imetundikwa juu ya kitanda hiki ninachoandikia.

Alikuwepo mpakiaji wa magunia aitwaye Nyasani, mtu wa nguvu na mzaha, ambaye siku moja ya mwezi wa Machi ubao wa kupandia lori ulivunjika chini yake akaanguka chali na gunia la chai kifuani, na ubao huo mimi nilijua umeoza, maana yeye mwenyewe alikuwa ameniletea barua mbili akiomba ubadilishwe. Mgongo haukupona. Alimeza vidonge hadi tumbo likamchoma, akakosa usingizi, mwishowe akaanza kuvuta bangi ili aweze angalau kuketi. Mwezi wa Julai alikuja ofisini kwangu kuuliza habari ya fidia, macho mekundu, koti linanuka, nami nikachukua fomu nikaandika kwamba mfanyakazi huyu alinuka bangi, jambo lililokuwa kweli, ila penye tarehe nikaandika ile ya Machi. Tarehe moja tu, mshauri. Kiwanda kikasema alianguka kwa ulevi wake mwenyewe, dai likakataliwa, na Sabato iliyofuata nikahubiri juu ya vijana na mihadarati hadi akina mama wakalia.

Sasa kansa imeingia kwenye uti wangu wa mgongo. Mke wa mwanangu, Mokeira, aliponiona nauma shuka, akaanza kuniletea kikombe cha maziwa ya moto yaliyochemshwa na majani fulani, akayaita dawa ya shamba, nami sikuuliza, kwa sababu maumivu yalirudi nyuma na nikalala, mimi ambaye tangu kubatizwa sijaonja chai wala kahawa, ingawa nina ekari mbili za chai, maana sisi tunaikuza tu, wanaoinywa watajibu wenyewe mbele ya Mungu.

Jumanne moja mwenye dawa akaileta kwa mkono wake. Aliingia na mkongojo. Alikuwa Nyasani. Huikuza katikati ya migomba, nyuma ya nyumba yake, ambayo ukitoka barabarani (Mistari mitatu imeondolewa hapa. – Mshauri.)

“Omogaka, mzee wangu, Mokeira anatia nyingi mno,” alisema hata kabla ya kuketi. “Utaanza kuongea na kuku. Kijiko kimoja. Na iwe maziwa, maji matupu hayaitoi nguvu.”

Nikamwuliza kwa nini anisaidie mimi, katika watu wote.

“Mgongo ni mgongo,” akasema. Kisha akaitazama ile saa kwa muda. “Bosi, leo ukijaza fomu yako, utaandika nini kilitangulia? Bangi, ama mgongo?”

Mshauri, nilicheka. Nilicheka hadi Mokeira akaja mbio akidhani ninakata roho. Nyasani alipoondoka, nililia.

Kesi yake imekokotwa miaka kumi. Wakili wake wa sasa, dada mmoja wa Kisii mjini aitwaye Samsam, aliniandikia akiomba taarifa yangu ya kiapo, kwa kuwa kesi itasikizwa baada ya wiki tatu na hana shahidi mwingine. Nikamjibu kwamba ugonjwa umenichukulia kumbukumbu. Nakumbuka hadi rangi ya kalamu.

Hata hivyo sikutaka kufa na jambo hili. Nimeandika ukweli wote, nikautia katika bahasha, mchungaji aisome siku ya mazishi yangu. Tatizo ni mwanangu Abner, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, ambayo imeshakutana mara nne chumba cha pili huku nikiwasikia wakibishana kuhusu hema. Wasifu wangu umeshachapishwa. Unasema, “Marehemu hakuwahi kuonja chai, kahawa, wala kitu chochote cha kulevya.”

“Tata, nakala mia tano ziko ndani ya katoni,” Abner alilalamika nilipomwambia habari ya bahasha. “Unataka nizifanyie nini, nifungie maandazi?”

“Ni ukweli, mwanangu.”

“Sijakataa ni ukweli. Lakini usomwe watu wakishakula. Na wale wageni wa Nairobi wawe wameondoka.”

Basi naomba unielekeze: bahasha ifunguliwe kabla ya mahubiri au baada yake? Na je, hii bangi ya maziwa ni dhambi kamili, au tuihesabu pamoja na chai?

Mzee wa Kanisa, Birongo

JIBU LA MSHAURI

Mzee wangu, pole kwa maumivu. Ninaisema pole hiyo kwa moyo wote, na uitunze vizuri, kwa sababu nyingine huipati hadi mwisho wa jibu hili.

Umesoma hadi chuo, kisha unaniuliza kuhusu kabla na baada ya mahubiri! Lini uliona mahakama ikimwapisha maiti? Wakili wa kiwanda ataitupa bahasha yako kabla udongo haujakauka juu yako. Wewe umechagua kuungama siku ambayo hakuna atakayeweza kukuuliza swali. Hiyo si toba. Huko ni kustaafu mara ya pili.

Tena usijidanganye kwamba una siri ya kumfichulia Nyasani. Kwamba siku aliyoanguka hakuwa amevuta, anajua, alikuwepo. Wasiojua ni wale uliowaandikia, na hao ndio wa kuandikiwa tena.

Na hili limenikasirisha hasa: katika barua ya kumlilia mtu huyu umenitajia nyumba yake, njia ya kufika, na idadi ya miche! Nimefuta yote, na kila jina humu nimelibadilisha. Miaka ishirini na sita ya kuripoti watu haijakutoka mkononi. Sheria yetu bado inakataza bangi, hata kwa mgonjwa, hata ndani ya maziwa, na atakayefungwa si wewe unayeondoka. Usimchongee tena ukisingizia toba.

Kuhusu dhambi, muulize mchungaji wako. La hospitali nitakuambia mimi: mwambie daktari unachokunywa, bila kutaja mleta, kisha umwombe mofini ya kunywa na wahudumu wanaowatunza wagonjwa wenye maumivu kama yako. Usijifanye shujaa. Ilibidi mgongo wako uume ndipo uamini kwamba wa Nyasani unauma. Ni aibu, lakini angalau umefika.

Sasa fanya hivi, na ufanye leo. Mpe Mokeira simu ampigie Samsam, amwambie kumbukumbu imerudi. Wakili aje nyumbani na mtu wa kuthibitisha kiapo, na aiombe mahakama ikusikize mapema, hapo hapo kitandani. Daktari aandike kwamba akili yako ni timamu. Uape asubuhi, kabla ya kikombe chochote, hata kama mgongo utawaka moto, maana ukinuka kidogo tu kiwanda kitasema mzee alikuwa amelewa na ushahidi wako utaishia pale lilipoishia dai la Nyasani. Mbinu hiyo unaijua. Taja ule ubao. Taja zile barua mbili. Andika tarehe zote mbili, ya kuanguka na ya harufu, ili hakimu aone miezi minne iliyo katikati.

Atashinda? Sijui, wala wewe hutajua. Mwite aketi chini ya ile saa, umsomee ulichoapa, kisha unyamaze. Akikutukana, ana haki. Akicheka, cheka naye.

Abner naye mwambie nakala zile mia tano zitawafaa kweli wauza maandazi. Katika mpya aandike kwamba marehemu aliwahi kuandika tarehe ya uongo, na akairekebisha akiwa hai. Akilalamika kwamba ukurasa umejaa, afute ule mstari wa chai.