Mlango Wazi Penye Baridi

Dada Zuwena wa Sidab, assalaam alaykum.

Mwanangu Salim alitaka tulale kila siku mji mwengine wa Austria. Mimi nikashikilia tuchague mmoja tu, huu wa ziwani, majirani wapate kutuzoea. Basi yeye na wanawe kila asubuhi hupanda milima, mimi na goti langu nnabaki.

Jana alasiri nikapika kahawa, nikapanga vikombe na tende, nikaacha mlango wazi kama kwetu Sidab. Saa nzima hakuingia mtu. Mwisho akatokea jirani, bibi mtu mzima kama mimi, akatabasamu, akanifungia mlango kwa upole akidhani nimesahau.

Kadi hii ikikufikia, alasiri nimiminie kikombe changu, kipoe tu. Na mlango wako, dada, Mungu asiufunge.

Nduguyo, Asya