Namba Yetu Katika Orodha ya Nchi

Huruma,
Eldoret.

Mpenzi Mama Njeri,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi ya huku, ambayo mwaka huu imekataa kuondoka. Mimi ni mzima, ila usingizi hauji. Njeri kikohozi kimeisha? Na mama yangu, mguu umepoa? Barua yako nimeipata. Ile siku uliyotaja ya kuacha kushona na kuhamia huku nimeisoma mara nyingi. Lakini kwanza nikupe habari.

Wiki iliyopita meneja alisimamisha mashine zote za kufuma vitambaa, jambo ambalo hata mgeni mkubwa akija halifanyiki. Akatundika karatasi ukutani. Nchi zimepangwa kwa namba kama wanafunzi, ipi inatengeneza bidhaa nyingi kwa bei nafuu. Za Asia ziko juu. Sisi tulitafutwa kwa kidole, chini kabisa.

"Huko mtu mmoja anachunga mashini sita," akasema. "Nyinyi na nne mnalia. Nani hapa amevaa kitambaa yetu?"

Kiptoo, jirani yangu wa mashine, akainua mkono kwa fahari.

"Hiyo ni ovaroli ya kampuni. Ndani umevaa nini?"

Ndani ilikuwa mitumba iliyovushwa mpakani. Hata mimi. Tulicheka tukavunjika mbavu, na meneja naye akacheka, huku akifunga vifungo vya koti lake.

Ijumaa kicheko kiliisha: watu walipunguzwa. Mimi nimebakishwa, nakimbia kati ya mashine sita kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kiptoo ameambiwa arudi kwao Turbo.

"Wewe fanya tu kazi, brother," aliniambia getini. "Mimi sina maneno na wewe."

Hakunitazama. Iliniuma, na bado inaniuma.

Meneja anasema orodha hiyo hutolewa kila mwaka. Tukipanda, wenye kiwanda wataona tunaweza mashine nane. Tukishuka, watafunga. Nina hasira, Mama Njeri, na sijui nimkasirikie nani. Nikikaa chumbani nasimama, nikisimama natoka nje, nikitoka narudi.

Basi ile veranda ya duka unaposhonea usimwachie mtu. Cherehani ikae palepale.

Nisalimie mama, kaka yangu mwalimu, na shangazi anayetuuzia maziwa. Njeri mwambie baba anamkumbuka kila siku.

Najua mizigo umeshaifunga. Ifungue.

Ni mimi wako,
Baba Njeri