Maharage ya Arubaini Yako

Mama,

Amani iwe juu yako huko ulikotangulia, na mahali ulipolazwa pawe na nafasi. Nakuandikia, mimi bintiyo mkubwa, nikiwa nimekaa kwenye mbuzi yako ya kukunia nazi, kwa kuwa meza yangu imejaa madaftari ya wanafunzi, na kwa kuwa jambo ninalotaka kukueleza ni la jikoni. Hukupenda habari ikatizwe kati. Nitaianza mwanzo.

Arubaini yako tuliisoma hapahapa Kiponda, nyumbani kwako. Mchele haukupatikana. Tulipanga foleni kwa zamu, mimi na mdogo wangu Zuhura, tukapata wa kulisha nyumba, si wa kulisha mtaa. Nilimwambia Zuhura kuwa hitma haisimami kwa pilau. Tulikuwa na gunia dogo la maharage mekundu ya bara, na nazi walizotuletea jamaa zako wa Bwejuu. Tungepika maharage ya nazi na mihogo. Zuhura alinyamaza, nami nikahesabu kuwa amekubali. Kumbe alikuwa anaona haya mbele yako.

Maharage tuliyaroweka yote katika beseni moja, yakalala humo, na asubuhi tukayamwaga maji yake karoni, penye mfereji wa maji machafu, kama ulivyokuwa ukifanya. Kisha tukayagawa. Ya wanaume waliokaa barazani aliyachukua jirani yetu Bi Kazija, akayapika uani kwake juu ya mafiga, kwa kuni. Ya wanawake waliokaa ndani aliyapika Zuhura kwenye seredani yako, kwa makaa machache, maana siku hizi makaa nayo ni ya kutafutwa.

Hitma ilisomwa vizuri. Watu walikula, wakakuombea, wakaanza kuaga. Alasiri, Mama Mdogo Mize aliinuka ghafla akashika ukuta. Hajafika karoni, akatapika. Akafuata mwingine, na mwingine tena, hata ukumbi wako ukajaa mabeseni na wanawake walioshika matumbo. Mimi na Zuhura tulikuwa tukihudumia, hatujala bado. Hakufa mtu, Mama. Nakuambia mapema usije ukashituka. Kesho yake wote walikuwa wazima, wamelegea tu. Kilichobaki kuugua kilikuwa nyumba yetu.

Maneno unayajua yanavyopita katika vichochoro vyetu. Bi Kazija alisimama mlangoni kwake akasema, "Gunia lile lina lake. Mie nshasema, vitu vya foleni havina mwenyewe." Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilitoka kwa Mama Mdogo, naye hakulisema kwa ubaya. Alilisema amejilaza, kitambaa cha maji kichwani. "Dada hakuridhika," alisema. "Maisha yake yote kalisha watu pilau, leo kasomewa kwa maharage. Chakula kimerudi."

Zuhura alikuwa nyuma ya pazia, amebeba beseni. Alilisikia lote.

Tangu siku ile hakuligusa jiko. Watoto wake walikula mkate kwa chai, mchana na jioni. Nilipomuuliza, alinijibu bila kuniangalia, "Mama kanirudishia sadaka yangu." Na jambo lililonifanya nishindwe kukaa kitako ni hili: aliacha kukusomea. Yasini aliyokuwa akikusomea kila baada ya Isha aliiweka kando. Alisema hawezi kumpelekea zawadi mtu aliyekwisha kuikataa ya kwanza.

Unanijua, Mama. Machozi yangu huchelewa, maswali hutangulia. Dada zako waliliona hilo kuwa ni ugumu wa moyo, wewe ukawaambia, "Muacheni, ndivyo anavyolia huyo." Basi nililia kwa namna hiyo. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwauliza wageni wa arubaini yako walikula nini na kutoka sufuria lipi. Bi Kazija alicheka mpaka akakaa chini. "Haya, mwalimu kaja kusahihisha matapishi. Andika, mie nimepata ngapi?"

Jawabu lilikuwa wazi kuliko nilivyotarajia. Barazani hawakuugua, isipokuwa mtu mmoja: Maalim Haji, yule msomaji wetu mwenye sauti nene, ambaye hajawahi kutosheka na sahani ya kwanza. Sufuria la wanaume lilikuwa limekwisha, akaongezwa kutoka ndani. Na ndani waliugua wageni wote, isipokuwa mke wa mtoto wa Bi Kazija, aliyefika amechelewa akiwa ameshakula uani kwa mkwewe. Gunia lilikuwa moja, beseni moja, nazi zilezile, mihogo ileile, bizari ileile. Kama ungekuwa umekasirika, Mama, ungemkasirikiaje Maalim Haji kwa sahani ya pili ukamsamehe ya kwanza? Kilichotofautiana kilikuwa moto peke yake.

Nilimwendea daktari mmoja hospitali. Alinieleza kwa subira kwamba maharage mekundu mabichi yana sumu yake. Kuyaroweka na kuyamwaga maji kunapunguza kidogo, lakini kinachoivunja hasa ni kuchemka kwa nguvu, maji yakifurukuta, kwa nusu saa nzima au zaidi, ndipo moto upunguzwe mpaka yaive. Yakipikwa kwa moto mdogo tangu mwanzo, sumu hubaki, na pengine huzidi ukali kuliko ya mabichi. Nilimuuliza kama maharage hayo yanaweza kulainika hata hivyo. Akasema yanaweza; ndiyo maana watu hudanganyika.

Nikarudi kwa Zuhura, nikamwomba anieleze alivyopika, hatua kwa hatua. Alidhani namshitaki. Alijibu, "Kama Mama." Nikamwomba aendelee. Alitia maharage na maji, akafunika, na mvuke ulipoanza kutoka akapunguza moto, akapalia makaa juu ya kifuniko kama anavyopalia wali, akayaacha mpaka yakabonyeka kwa vidole. Ndipo akatia tui. "Ndivyo alivyokuwa akifanya," alisema. "Kila siku nlikuwa nikiamka nnaona."

Na ni kweli, Mama. Kila siku ya maharage, tukiamka, tuliyakuta kwenye makaa yaliyofifia, kifuniko kimewekwa makaa mekundu juu yake, na wewe umekaa pembeni unakuna nazi. Hatukuwahi kuona kingine. Mikono ya Zuhura imelelewa na wali. Ulimfundisha mwenyewe kuukausha na kuupalia, na hakuna anayemshinda. Yale aliyoyaona kwenye maharage yalifanana na aliyokwisha kuyajua, basi hakuwa na sababu ya kuuliza.

Nilikaa pale nikatafuta kichwani nilichokisahau. Kisha nikakipata. Nilikuwa mdogo, nina homa, nikaamshwa na kishindo jikoni kabla ya Alfajiri. Nikatoka nikijiburuta. Sufuria lilikuwa wazi, moto umewaka mpaka unamulika ukuta, maharage yanapanda na kushuka, povu linamwagika, na wewe umesimama na upawa unaliondoa. Niliuliza ni nini. Ukaniwekea kiganja shingoni, ukasema, "Kalale, mwanangu. Yaache kwanza yapige kelele, ndiyo nikayapalie." Ukaurudisha mlango taratibu ili nisisikie.

Ukaurudisha mlango, Mama. Kazi yote ya maharage ilikuwa nyuma ya mlango ule, na uliifanya saa tuliyokuwa tumelala kwa kuwa ulitaka tulale.

Nilimweleza Zuhura yote: baraza, Maalim Haji, daktari. Alisikiliza kwa adabu, kama anayesikiliza taarifa ya habari. Nilipofika kwenye habari ya mlango, alijifunika uso kwa ukingo wa kanga. Kisha akauliza, sauti ndogo kama alipokuwa mtoto, "Kwa hivyo hakukasirika?"

Nikamwambia hukukasirika. Ulituhurumia usingizi tu.

Ijumaa iliyofuata aliwasha seredani. Makaa nilikuwa nimeyatafuta mimi, mpaka Mtoni, nikarudi na kikapu kimenichafulia buibui lote. Alikuwa ameroweka maharage mengine usiku, akamwaga maji, akatia mengine, akaacha sufuria wazi. Yalipoanza kuchemka alirudi nyuma hatua moja kana kwamba yatamuuma, kisha akasogea, akashika upawa wako. Nilisimama naye. Nilikuwa nimekuja na saa ya mkononi. Niliivua nikaitia mfukoni, kwa sababu yeye hakuwa akiangalia kitu kingine chochote isipokuwa povu, na hakuliacha mpaka muda ukapita maradufu. Ndipo akapunguza moto, akafunika, akapalia. Yalipobonyeka mpaka ndani, akatia tui, kisha chumvi na ukwaju mwisho kabisa, kwa kuwa vikitangulia maharage hugoma kulainika.

Bi Kazija alikuwa ameshafika mlangoni. "We Zuhura, sufuria lako linanguruma kama boti ya Dar. Sie majirani usingizi wa mchana tutaupata wapi?" Lakini mkononi alikuwa na bakuli, Mama. Alikula amesimama, akalamba kidole, akasema nazi imepungua. Ilikuwa uongo. Mama Mdogo Mize alikula wa pili. Alikaa kwenye mkeka wako, akaliangalia bakuli muda mrefu kuliko alivyoliangalia tumbo lake siku ile, akasema Bismillahi, akala mpaka mwisho. Hatukumdai radhi kwa maneno yake. Alipoinuka alimshika Zuhura kichwa, akamwita kwa jina ulilokuwa ukimwita wewe peke yako.

Magharibi ikaingia, hakuna aliyeshika ukuta. Baada ya Isha nilikuwa chumbani nasahihisha madaftari, nikasikia Yasini inaanza ukumbini. Alikosea aya moja akarudia. Sikutoka. Machozi yangu, yale yanayochelewa, yalifika hapo.

Sasa nikuage, maana kesho nina somo la asubuhi. Sina ahadi kubwa ya kukupa, nina moja. Asha, binti wa Zuhura, amekua, na wangu nao wanakua. Siku za maharage tutawaamsha. Watanuna, watasinzia wamesimama, nasi tutawaonea huruma kama ulivyotuonea. Lakini mlango hatutaurudisha. Watasimama karibu na sufuria lililo wazi mpaka wajue wenyewe, na tutawaambia ni nani aliyekuwa akisimama hapo peke yake.

Wewe kalale, Mama. Yaache yapige kelele, tuko macho.

Mwanao.