Kabla Sijanyolewa

Jumatatu, 4 Machi 1996. Kambi ya wakimbizi, Kakuma

Ndege ya chakula imepita ikielekea uwanja wa Loki. Nikajitupa chini kama kwa zile za mabomu, hapohapo kwenye foleni ya maji. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka – ila nilikuwa nimejikojolea. Zamu ikapotea.

Jioni shemeji yangu Wal akaja. Anasema ni mume wangu Nyang anayenisumbua, marehemu asiyeliliwa hatulii. Ninyolewe, tukae matanga, kisha yeye anirithi kama mila yetu inavyotaka. Alisema kwa upole, si mtu mbaya. Lakini maiti ameiona nani? Tulipokimbia vita, mume wangu alirudi ng'ambo ya mto kumchukua mama yake. Basi. Kurudi si kufa.

Naandika kwa Kiswahili. Wal hakijui.

Alhamisi, 7 Machi. Lodwar

Akiru wa kikundi chetu cha akina mama amenileta hospitali. Huku ndiko kwao – kila hatua salamu, "ejok, ejok", mpaka tukachelewa. Daktari akauliza kama nasikia sauti. Nikamwambia namsikia mume wangu alfajiri, akimwimbia fahali wake. Akaandika. Hakuuliza kama anaimba vizuri.

Nimepewa vidonge.

Jumanne, 12 Machi. Kakuma

Nalala kama gogo. Simwoti, simsikii. Alfajiri ni jogoo wa jirani tu. Nimempoteza mara ya pili! Nikamlilia Akiru anirudishie ugonjwa wangu. Akasema, "Mama, hii dawa ni ya woga, si ya bwana yako. Yeye hakuna mtu anaweza toa."

Rahisi kwake. Nimeacha vidonge.

Jumamosi, 16 Machi

Leo alikuja. Sauti ileile, hata pale anapokohoa katikati ya ubeti. Nikamfuata. Wamenikuta mbali, kwenye mto mkavu, miguu imejaa miiba. Wal ndiye aliyeitoa, mmoja mmoja, huku akilia. Alisema hata yeye anatamani kumwona kaka yake.

Sasa wanawake wako nje na beseni na wembe. Akiru amekaa mlangoni. Anasema nikikataa, hapiti mtu.

Nikikataa, kesho nitamfuata tena, sijui mpaka wapi. Nikikubali, ni mimi nimemzika.

Nimevua kitambaa. Tangu tuachane kule mtoni sijazikata, Nyang hajawahi kuniona na nywele ndefu hivi. Angezipenda.

Wananiita. Nimeitika nakuja, na bado nimekaa.