Kavira, Usiende Kampala kwa Ajili Yangu

Mdogo wangu mpendwa Kavira,

Barua hii nimempa Kambale bila bahasha. Nimemwambia aisome kwa sauti nyumbani kwetu Butembo, mbele ya mama, mbele ya baba mukubwa, na mbele ya jirani yeyote atakayekuwa amekuja kuomba chumvi siku hiyo. Kisha akuletee Beni, hapo hospitali. Baba yetu hayupo tena, na mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo baba mukubwa ameagiza kwamba shauri lako lisifungwe mpaka neno langu lifike kutoka Mombasa. Nimelileta. Mnivumilie mwandiko, mkono wangu umezoea magunia.

Kambale alinikuta ghalani tukishusha mchele. Alinisubiri nimalize, tukaenda kula, na hapo akanisimulia kikao chote. Najua Kambale huongeza chumvi, lakini sauti ya baba yake, huyo baba mukubwa, huwa anaiiga sawasawa, nikaona kana kwamba nami nimekaa pale sebuleni karibu na mlango.

Aliniambia baba mukubwa alifungua kikao kama anavyofungua posa.

"Donc, binti yetu ameposwa na batu babili," alisema. "Kampala anamutaka, Kinshasa anamutaka. Na hakuna hata mumoja ameleta mbuzi."

Watu wakacheka. Lakini yeye hakuwa anatania kabisa. Akaanza kuuliza habari za wachumba hao wawili kama inavyoulizwa kwetu: ukoo wa nani unajulikana, nyumba ya nani iko karibu, ni nani atakayemruhusu binti arudi kwao kukiwa na kilio. Kampala ni njia ya malori, tena chuo chao kimekupa nafasi ya kusomea udaktari wa upasuaji. Kinshasa iko ng'ambo ya vita. Nchi imekatwa, anayekwenda huko hupitia nchi za watu kisha akapanda ndege, na barua zake hazirudi. Nao wamekupa nafasi ya kusomea dawa ya usingizi, ile ya kumlaza mgonjwa apate kupasuliwa.

Mama Masika wa jirani ndiye peke yake aliyeikataa Kampala. "Mutamupeleka kwa benye askari yabo iko inatukalia hapa?"

"Mama Masika, hiyo kitenge unavaa ilitoka wapi? Si Kampala?" baba mukubwa alimuuliza.

"Kitenge haina bunduki!"

"Na mutoto wetu naye hana bunduki. Anaenda kusoma."

Kuhusu usingizi, Kambale alishindwa kusimulia kwa kicheko. Baba mukubwa alisimama kabisa. "Mutu anasoma miaka yote ile juu ya kulalisha batu? Pasteur wetu analalisha batu kanisani kila dimanche, na hakusomea!"

Mama hakucheka. Alikuwa anachambua maharage. Aliuliza jambo moja tu: "Kule Kinshasa kuna mutu wa kwetu?"

Halafu Kambale akaacha kuigiza, akaangalia sahani yake. Ndipo akaniambia sababu iliyofunga kikao. Baba mukubwa alisema kwamba Kampala iko kwenye njia yangu, kwamba ningeweza kupanda lori nije kukuona. Alisema niliacha shule ili wewe usome, na kwamba nimebeba mizigo hii yote kwa ajili yako. "Hata yeye aone matunda yake." Nawe ukainamisha kichwa, ukasema: "Kama ni juu ya yaya, nitaenda Kampala."

Kavira, yaya ndiye mimi, kaka yako mkubwa. Basi nisikilize, na wengine wote wasikilize.

Sikuacha shule kwa ajili yako. Maneno hayo ya baba mukubwa ni matamu, nimeyasikia kwenye harusi na kwenye matanga, na sikuwahi kumkatiza mzee mbele ya watu. Leo namkatiza, anisamehe. Niliacha shule kwa sababu hesabu ilinishinda na lori lilinipendeza. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Siku niliyopanda juu ya mzigo mara ya kwanza, tukashuka kwenda Kirumba upepo ukinipiga usoni, nilijiona mtu mkubwa kuliko mwalimu. Sasa nimechoka, mgongo unauma, joto la huku linaninyima usingizi na chakula. Ni kweli. Lakini uchovu huu ni wangu, niliutafuta mwenyewe. Usiubebe.

Nilichokufanyia, nakijua. Nilikupeleka Kanyabayonga ulipoanza sekondari. Tulikaa juu ya kabeji, mvua ikatupiga njia nzima, nawe ukatapika ndani ya kofia yangu. Ukaniambia, "Yaya, usikasirike, nitaifua." Mpaka leo sijaiona hiyo kofia. Pale getini uliona aibu kunikumbatia mbele ya wasichana wengine, ukanipa mkono kama mtu wa serikali. Nilicheka peke yangu mpaka Kirumba. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya. Siku ile ililipwa hapo hapo.

Na kama ni kuhesabiana, ulikwisha kunitangulia. Unakumbuka Beni? Tulitoka Kasindi na lori la mapipa ya mafuta, watu wenye silaha wakafyatua risasi, dereva akaogopa, tukaingia mtaroni. Pipa likanikalia mguu. Waliponileta hospitali nilikukuta wewe, stagiaire, daktari bado mwanafunzi, na koti jeupe linalokupwaya. Hospitali ilikuwa imeporwa. Dawa ya usingizi ilikuwa imekwisha, na yule aliyekuwa akiitoa alikuwa amekimbia na familia yake. Nilisikia daktari mzee akikuambia, "Mushike kichwa. Umuongeleshe."

Ulinishika kichwa kwa mikono miwili. Ukaniambia niimbe na wewe wimbo wa kanisani wa mama. Ukaanza. Mzee akaupasua mguu, mimi niliona moto tupu, lakini ulipofika mwisho wa ubeti wa kwanza ukaenda wa tatu, nikapiga kelele:

"Umeruka couplet ya pili!"

"Basi uimbe wewe!"

"Anza tena, hapana haraka!"

Yule mzee akasema, bila kuinua macho, "Huyu hatakufa. Mugonjwa wa kufa hapana kosoa kwaya."

Watu wa nyumbani wanadhani ni kwa sababu ya mguu wangu ndiyo maana uliomba kusomea usingizi. Hata mimi nilitaka kuamini hivyo, ingenipendeza. Lakini nakumbuka yule mama wa Oicha. Nilikuwa bado nimelazwa. Hospitali ililetewa dawa ya usingizi kidogo, wakamfanyia operesheni ya kumtoa mtoto, na aliyemlaza ni muuguzi aliyejifunza kwa kuangalia tu, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Mtoto alilia. Mama hakuamka. Ulikuja ukakaa pembeni mwa kitanda changu, koti bado lina damu, sahani ya fufu ikapoa mapajani mwako. Ukasema, "Yaya, hakukufa na mimba. Alikufa na usingizi." Sikuelewa. Ukanieleza polepole kwamba kumlaza mtu ni kumshika mlangoni, kwamba lazima awepo mmoja ambaye kazi yake yote ni kumwangalia anapumua, na asimwachie mpaka arudi. Wanaopasua, ulisema, Beni wapo, hata Butembo wapo. Wa kumshika mlangoni hakuna, kuanzia Lubero mpaka mpakani.

Baba mukubwa, sasa nasema na wewe kwa heshima. Hiyo ndiyo kazi anayotaka mtoto wako. Mumuulize mume wa yule mama kama ni kazi ndogo.

Wewe Kavira, nakuambia kweli ninavyotaka mimi, usije ukadhani nakufukuza. Nataka Kampala. Tangu Kambale anieleze, nimekwisha kusafiri kichwani. Nimeshuka kwenye lori na shati safi, nimekuuliza mlangoni, wamekuita, umetoka na lile koti, mara hii linakukaa. Tumekunywa chai. Nimewaona wenzako wakiniangalia, nawe hukuona aibu. Nimerudi Mombasa nikawasimulia wabebaji wenzangu mpaka wakanichoka. Nimeyafanya hayo yote hapa hapa ghalani, juu ya magunia. Kinshasa siwezi kuja, hata kichwani. Siijui njia. Sijui mto wenyewe una rangi gani. Ukienda huko naweza kukaa mwaka au zaidi bila kujua kama umekula, na vita hivi hakuna anayejua vitakwisha lini. Naogopa. Mama naye anaogopa, ndiyo maana aliuliza vile.

Lakini kikao chenu kilikosea mahali pamoja. Kama ilikuwa posa, basi ifuatwe posa mpaka mwisho. Kwetu mbuzi hawachinjwi kabla binti hajaitwa katikati ya watu akaulizwa, "Hawa tuwale?" Akinyamaza, hawaliwi. Akiinamisha kichwa na kusema ni kwa ajili ya kaka yake, mzee mwenye akili anasimamisha kila kitu na kumuuliza tena. Kambale anasema hakuna aliyekuuliza. Walikuambia, ukakubali.

Basi mimi nakuuliza, kwa nafasi ya baba. Unataka nani? Wala huna haja ya kunijibu, nilikwisha kukusikia Beni, ule usiku wa fufu iliyopoa. Neno langu, baba mukubwa, na ninaomba lisibishiwe, ni kwamba aende Kinshasa. Mama, mutu wa kwetu kule atakuwa yeye. Wa kwanza ni lazima awepo.

Kavira, wajibu Kampala kwa adabu, na wa Kinshasa uwaambie unakuja. Ukifika usihangaike kutafuta njia ya kuniandikia, tafuta kwanza kitanda na rafiki. Usiwaambie watu kwamba kaka yako ni mfanyabiashara Mombasa. Sema anabeba mizigo. Na siku utakapomlaza mgonjwa wako wa kwanza peke yako, mwangalie tu apumue, usinifikirie mimi hata kidogo.

Mimi nitakulilia Jumapili. Siku nyingine kuna mizigo.

Ni mimi,
yaya yako