Nimeamua Kuyajaza Macho ya Ukoo

Studio ya Picha Mkondoa,
S.L.P. 61,
Kilosa.

14 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Letisia,

Shikamoo, Shangazi. Goti linaendeleaje tangu ulipobadilishiwa dawa? Na mwanao Octavian, bado anawaamsha kwa redio alfajiri hapo Tabora? Sisi huku ni wazima. Mvua zimekwisha salama, Mto Mkondoa umerudi kwenye njia yake, na mahindi ya shamba la Kidete yameshaingia ndani.

Ninaandika kwa sababu siku hizi kwenye simu hunisikii vizuri, na jambo hili sitaki kulipigia kelele. Wala sitaki ulipate kwa kaka Gabrieli kabla yangu.

Shangazi, nimeamua kuyajaza haya mashimo chini ya macho yangu. Kuna dawa nzito kama ute, daktari anaichoma chini ya ngozi, pale palipobonyea panainuka. Wenyewe wanaiita fila. Ijumaa ijayo nakwenda Dar es Salaam kuchomwa. Siombi ruhusa. Ninakuarifu kwa heshima, kwa kuwa wewe ndiye uliyeyapa macho haya kazi.

Siku ile unaikumbuka kuliko mimi. Nilikuwa na miaka tisa, mama ameshazikwa, mjomba amenileta kutoka Msowero hadi kwa baba, kwenye nyumba za reli. Marehemu baba alitazama sakafu. Watoto wa ndani walikuwa Gabrieli na Katarina, mimi Yusrah, mtoto wa nje, na hakuna aliyejua aniweke wapi. Ukanishika kidevu, ukanigeuzia mlangoni kwenye mwanga. Ulisema, "Macho haya hatukuazima kwa mtu. Mpeni mtoto chakula." Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena. Nakushukuru mpaka leo.

Lakini kilichokuwa ushahidi nikiwa na miaka tisa, sasa nikiwa na arobaini na moja kimekuwa ugonjwa. Kila anayeingia studio ananipa pole. "Dada, umefiwa?" "Wewe unalala kweli?" Mke wa mchungaji aliniletea unga wa lishe, nikaupokea, nikaunywa, ulikuwa mtamu, macho yakabaki palepale. Na mimi kutwa nzima nakaa kwenye kompyuta nikiwafutia watu vivuli vya macho: maharusi, wanafunzi, hata marehemu kwa ajili ya picha ya msibani. Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa ninamharibia mtu ukoo wake.

Mwezi uliopita tulikaa kikao cha kipaimara cha Imani wa Gabrieli. Nikawaambia. Gabrieli akaweka kikombe chini, akasema mbele ya wakwe zake, "Ukiyajaza hayo, utabaki na nini cha kutuonyesha?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia, "Kaka, kwenye uchaguzi wa kitongoji nani alikuja studio akasema, 'Yusrah, toa hayo mashimo, wapiga kura watadhani nina njaa'?"

"Ile ni picha!" akapiga kelele.

Wifi Rebeka alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Nilishinda pale, Shangazi, ila neno lake nilirudi nalo nyumbani. Nimemuuguza baba mpaka pumzi ya mwisho, nimewapokea watoto wa Gabrieli wote walipozaliwa, na bado kuna mtu anadhani natakiwa kuonyesha kitu mlangoni.

Usidhani nimekurupuka. Jambo hili nimelifuatilia tangu Februari, na kila nilichoambiwa nimekiandika kwenye shajara yangu. Nilianzia Mikumi kwa Aneth, mwenye saluni, aliyeniambia, "Moja tu, dada, unasahau maisha yako yote." Chupa yake haikuwa na karatasi yoyote. Nikaaga. Daktari wa ngozi wa Dar es Salaam alinieleza kuwa ile isiyoisha, kama ya Aneth, ikifanya uvimbe, dawa yake ni kisu. Ipo nyingine inayofaa mashavuni, lakini huvuta maji, na ngozi ya chini ya jicho ni nyembamba. Ningeamka kila siku kama mtu aliyelia. Ya tatu ni laini, hukaa kama mwaka hivi, na ipo sindano ya kuiyeyusha. Nimechagua hiyo. Hakunificha hatari: ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kudhuru hata jicho lenyewe, ingawa ni mara chache. Nikamuuliza kama dawa ya kuyeyusha anayo hapohapo. Akafungua friji, akanionyesha. Tena ataweka kidogo tu kwanza, kisha tutazame.

Gabrieli aliposikia akasema, "Kumbe unaogopa, umechukua ya kuyeyuka." Siogopi. Nimechukua ile inayoniachia neno la mwisho. Siku nikimkosa baba kwenye kioo, nitamrudisha mwenyewe.

Sasa lililobaki ni lako. Septemba unakuja kwenye kipaimara. Gabrieli anawatangazia watu kwamba utanipita stesheni bila kunitambua, kama unavyompita muuza karanga. Basi nitasimama mstarini pamoja na ndugu wenzangu. Sitapunga mkono, sitaita. Nataka akuone ukishuka na goti lako hilo na kuja moja kwa moja kwangu. Na ukifika, Shangazi, kidevu usinishike. Nipe mzigo wako nibebe, kama unavyompa mtoto wa nyumbani.

Ndani ya bahasha nimetia picha niliyojipiga jana. Sikuigusa kwa kompyuta. Mashimo yote yapo, ya baba na yako. Itunze. Lakini usije nayo stesheni.

Nisalimie Octavian na mkewe Filomena, na umwambie Lucas mdogo kamera niliyomwahidi bado ipo. Katarina anakuamkia, na Imani anauliza kama utavaa lile gauni la zambarau. Mungu akulinde njiani, akupe siti ya dirishani na jirani asiyekoroma.

Wako akupendaye, mtoto wa kaka yako, kwa macho yoyote,

Yusrah