Ua la Kunyonya, Kutoka Mwingi

Mwaitu mpendwa,

Najua Mutheu wangu bado analia akitafuta titi tangu nije huku kwa dada ili aachishwe, na wewe hupumziki. Pole, mama yangu.

Huku Mwingi ni jua na vumbi tu. Lakini mlangoni kwa Mama Habiba, mwenye nyumba anayokodi dada, kuna mmea wa kutambaa unaitwa hanisako. Haukauki, kwa sababu wanatawadha hapo kabla ya kuswali na maji yote yanaenda kwa mizizi.

Jana mjukuu wake, rika la Mutheu, alichuma ua, akang'oa kitako chake, akanyonya utamu huku amefunga macho. Mwaitu, maziwa yalitoka yenyewe, nguo ikalowa. Nikaenda kufunga begi.

Mama Habiba akaniziba njia. "Wewe, wapi na hayo matiti? Siku tano umevumilia! Ukirudi leo, huyo msichana ataacha kunyonya siku ya harusi yake."

Nikacheka nikilia, nikafungua begi.

Amenikatia vijiti vitatu vya hanisako. Nimevifunga na kitambaa chenye maji, tutavipanda pale unapooshea vyombo. Maua Mutheu atanyonya mpaka achoke, ila matunda meusi ya mmea huo asionje, yanaumiza tumbo.

Nitafika Jumapili mkitoka kanisani. Nitambeba, lakini titi sitampa. Na wewe usimpe lako kavu kumnyamazisha, nakujua.

Akilia sana, mfunge mgongoni na leso yangu ya kijani. Niliiacha bila kuifua makusudi.

Mtoto wako,
Mwende